Kabla ya Kusema Kiraka Kimefanya Kazi

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Nashukuru kwa nafasi hii, na nafurahi kuona humu ndani wamo waandishi wa programu pamoja na mafundi wanaoshika diski kwa mikono yao, kwa sababu ninalotaka kusema linawahitaji wote wawili.

Mtu ameandika kiraka, kipande kidogo cha msimbo cha kurekebisha kasoro, kwenye programu inayozungumza na diski kupitia mstari wa amri. Amekieleza kwa sentensi mbili, na mwishoni ameongeza ombi: mwenye diski ya aina hii naomba anijaribie. Mimi ni mmoja wa wanaoitikia ombi hilo. Nimeliitikia vizuri mara nyingi, na kuna siku niliitikia vibaya sana. Nitaanza na siku hiyo.

Nilikuwa natunza seva iliyokuwa ikiandika data usiku na mchana kwenye diski ya NVMe, yaani SSD ya kasi, diski isiyo na sahani inayozunguka. Kila asubuhi niliendesha amri ileile ya kusoma afya ya diski, nikanakili mstari mmoja kwenye daftari: kiasi cha data kilichoandikwa tangu diski ianze kazi. Namba hiyo hupanda tu. Haina njia ya kushuka, kama umri wa mtu. Jumatatu moja daftari langu linasema 4,291,870,412. Jumanne yake linasema 2,611,204.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba kuna mtu kabadilisha diski usiku. Nikatazama namba yake ya utambulisho, ni ileile. Nikaishuku firmwea ya diski, yaani programu iliyo ndani ya diski yenyewe. Nilikaa na zile namba mbili hadi mchana, ndipo nikakumbuka ya tatu: 4,294,967,296, yaani 2 kwa kipeo cha 32, mahali ambapo namba ya baiti 4 hujaa na kurudi sifuri. Ijumlishe na ile ya Jumanne, unapata 4,297,578,500. Toa ile ya Jumatatu, inabaki 5,708,088. Kila kizio katika hesabu hii ni baiti 512,000, kwa hiyo tunazungumzia terabaiti 2.9 kwa siku, na hicho ndicho kiasi ambacho seva ile ilikuwa ikiandika kila siku. Diski ilikuwa inahesabu sawasawa. Mita iliyojizungusha ilikuwa ya programu.

Kiwango cha NVMe, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2011, kina ukurasa wa afya wenye baiti 512. Baiti ya mwanzo kabisa ni ya maonyo, mbili zinazofuata ni joto. Ukihesabu kutoka sifuri, data iliyosomwa inaanzia baiti ya 32 na data iliyoandikwa inaanzia baiti ya 48, na kila moja imetengewa baiti 16 nzima. Programu yetu ilichukua baiti 4 za mwanzo na kuziacha 12. Kwenye diski nyingi usingeona tofauti maisha yake yote, maana baiti 4 zinatosha hadi petabaiti 2.2 hivi, yaani terabaiti 2,200. Ukivuka hapo, mita inarudi sifuri na programu haisemi neno. Na kumbukeni kwamba dhamana ya diski za SSD huandikwa kwa miaka na pia kwa terabaiti zilizoandikwa. Mtu anayeangalia mstari ule anaamua lini anunue diski nyingine. Tumempa namba ya diski changa kuhusu diski iliyozeeka.

Basi nikamwandikia mwandishi wa programu. Kesho yake akanijibu na kiraka cha mistari mitatu. Nikakipachika, nikaijenga programu upya, nikaendesha amri. Bado namba ndogo. Nikamjibu kwa mstari mmoja: hakijafanya kazi.

Alitumia siku mbili kutafuta kosa kwenye mistari yake mitatu. Hakulipata kwa sababu halikuwepo. Nilikuwa nimejenga programu mpya kwenye folda yangu ya kazi, halafu nikaandika jina lake tu kwenye terminali, na kompyuta ikaenda kuchukua ile ya zamani iliyosanikishwa kwenye folda ya mfumo, kama inavyopaswa kufanya. Kiraka kilikuwa kimekaa pembeni, hakijaguswa. Siku mbili za mtu anayefanya kazi ya kujitolea, baada ya saa zake za ajira, nilizitupa mimi. Hadi leo linaniuma.

Tangu siku hiyo siendeshi programu ninayoijaribu kwa jina lake peke yake. Naandika njia yake yote, kuanzia mzizi wa mfumo hadi faili lenyewe. Na kabla ya jambo lolote namuuliza toleo lake, nikihakikisha anayejibu ndiye niliyemjenga. Hili lina undani zaidi ya linavyoonekana. Amri za diski huhitaji mamlaka ya msimamizi, kwa hiyo tunazitanguliza na sudo, na sudo mara nyingi ina orodha yake ya folda za kutafutia programu, tofauti na yako. Unaweza kurekebisha njia kwenye terminali yako, ukaona kila kitu kiko sawa, halafu ukitanguliza sudo ikaitwa programu nyingine kabisa.

Kuna mtego mwingine ulio karibu na huo. Chukueni nvme-cli, programu inayotumiwa sana kwenye Linux kwa diski za NVMe. Kwa toleo la 2.0 la mwaka 2022, sehemu kubwa ya kazi yake ilihamishiwa kwenye maktaba, mkusanyiko wa msimbo ambao programu huutumia, inayoitwa libnvme. Mnaona linaloweza kutokea: kiraka kimewekwa ndani ya maktaba, wewe umejenga programu mpya, nayo inapoamka inashika mkono wa maktaba ya zamani iliyo kwenye mfumo. Toleo la programu ni jipya, kosa ni lilelile, na hakuna aliyedanganya. Amri ya ldd itakuonyesha programu inashika maktaba ipi na iko wapi. Ni amri ya sekunde moja. Iendesheni.

Sasa nifike kwenye kiini cha nilichokuja kusema. Jaribio la kiraka linaanza kabla ya kiraka. Linaanza na programu ya zamani, na linaanza kwa kuiona kasoro ikitokea mbele ya macho yako, kwenye mashine yako, kwa amri unayoweza kuirudia. Kama hukuiona ikikosea, huwezi kusema umeiona ikipona. Mtu anaweka kiraka, anaendesha amri, anaona namba nzuri, anaandika: kwangu inafanya kazi. Lakini kwake ilikuwa inafanya kazi hata jana! Diski yake imeandika terabaiti 40, haijaukaribia mpaka wenyewe. Ripoti hiyo imeandikwa kwa nia njema, na mwandishi wa programu akiipokea atadhani kiraka kimethibitishwa.

Kwa hiyo mimi huweka folda mbili kando kwa kando, moja ya zamani na moja mpya. Amri moja, diski moja, dakika moja, matokeo mawili. Nayaweka kwenye mafaili mawili na kuyalinganisha kwa diff. Ninachotaka kukiona ni kwamba mstari uliokusudiwa umebadilika, na kwamba mingine yote imebaki ilivyokuwa. Sharti la pili watu hulisahau. Joto litapanda au kushuka digrii moja kati ya amri mbili, hilo ni la kawaida. Lakini kama saa za kuwaka, muda wote ambao diski imewashwa, zimebadilika kwa mamia, kiraka kimegusa kisichokihusu.

Mtaniuliza: nitaionaje kasoro kama diski yangu haijafika petabaiti 2.2? Swali hili ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Hatuhitaji kuichosha diski. Tunahitaji baiti zake 512 tu. Programu nyingi za aina hii zina njia ya kutoa ukurasa wa afya ukiwa mbichi, kabla haujatafsiriwa, nvme-cli inayo. Ukiuhifadhi ukurasa huo kwenye faili, unao mwili wa diski mkononi na unaweza kuuchunguza bila kuigusa diski tena. Fungua faili kwa kihariri cha baiti, nenda baiti ya 48. NVMe huandika baiti ndogo kwanza, kwa hiyo namba inasomeka kutoka kushoto ikikua kwenda kulia. Andika FF, yaani baiti iliyojaa, mara nne, kisha sifuri hadi zitimie 16. Hiyo ni 4,294,967,295, namba ya mwisho ambayo programu ya zamani inaijua. Sasa geuza zile FF nne ziwe 00, na baiti inayofuata iwe 01. Hiyo ni 4,294,967,296.

Ile ya zamani ikipewa ukurasa wa pili, inasema sifuri. Sifuri kamili, diski mpya, haijaandikwa kitu. Ile mpya inapaswa kusema 4,294,967,296, na ikigeuza kuwa baiti iseme 2,199,023,255,552,000. Nilipoziona sifuri ile na namba ile zikiwa juu na chini kwenye skrini moja, ndipo kwa mara ya kwanza niliweza kumwandikia mwandishi yule kwa moyo mweupe kwamba kiraka chake ni kizima.

Jambo hili linawezekana pale tu ambapo mwandishi ametenganisha kazi ya kuchukua baiti kwenye diski na kazi ya kuzitafsiri. Kama vimesukwa pamoja, huwezi kumpa mtafsiri faili. Waandishi wa programu mlio hapa, nawaomba sana mvitenganishe. Mkifanya hivyo, mtu asiye na diski yenyewe anaweza kuwasaidia, na kurasa za afya za diski za ajabu mnaweza kuzihifadhi pamoja na msimbo wenu, zikajaribiwa kila programu inapojengwa, miaka kumi baada ya diski yenyewe kutupwa.

Lakini sikuishia hapo, na nyinyi msiishie hapo. Kasoro huwa na ndugu. Aliyechukua baiti 4 badala ya 16 kwenye data iliyoandikwa, alifanya nini kwenye data iliyosomwa, baiti 16 nyuma yake? Nilijaribu: kosa lilelile, kiraka hakikuligusa. Na saa za kuwaka, zinazoanzia baiti ya 128? Lilelile. Pembeni ya namba ya vizio kulikuwa na mabano yenye terabaiti, na hesabu yake ilifanywa na kipande kingine cha msimbo ambacho bado kilikuwa cha biti 32, yaani baiti 4. Kwa hiyo baada ya kiraka mstari mmoja ulikuwa na namba sahihi kushoto na namba ya uongo kulia. Mwandishi hakuwa mzembe. Alirekebisha nilichomlalamikia. Ni kazi ya anayejaribu kuzunguka nyumba nzima baada ya kuonyeshwa ufa mmoja.

Naona niseme kidogo kuhusu hizo saa za kuwaka, kwa sababu kuna wanaodhani ni pambo. Mwaka 2019 mtengenezaji mmoja mkubwa wa seva alitangaza kwamba baadhi ya diski zake za SSD zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na kwamba diski wala data visingerudi. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15, na ndipo namba ya biti 16 yenye alama ya kutoa na kujumlisha inapogota. Fikirini seva yenye diski kadhaa zilizowashwa siku moja: zinafika saa hiyo pamoja. Nakala ya data iliyo kwenye diski jirani haikufai, jirani naye anaondoka. Dawa ilikuwepo, firmwea mpya, ila ilibidi iwekwe kabla ya saa kutimia. Mtu angejuaje amebakiza saa ngapi? Kwa programu kama hizi tunazozijaribu, kwa mstari mmoja mwembamba unaotaja saa za kuwaka. Mwenye mstari sahihi alikuwa na muda wa kuiokoa data yake. Ndiyo maana nikikuta namba hiyo inasomwa vibaya silali.

Baada ya hapo nilipeleka namba mbali zaidi. Kiraka kilitumia biti 64, na kinafika 18,446,744,073,709,551,615. Diski haitafika huko. Kiwango chenyewe kinatoa biti 128, namba ya tarakimu 39, na kuna wenzangu wanaosisitiza zote zionyeshwe. Kwa maoni yangu biti 64 zinatosha, kwa sharti moja: baiti 8 za juu zikiwa si sifuri, programu iseme kwamba imekutana na namba isiyoiweza. Isizikate kimyakimya. Kukata kimyakimya ndilo kosa tulilokuja kulirekebisha, tusilirudishe kwa ukubwa mpya.

Matokeo ya JSON, maandishi yaliyopangwa ili programu nyingine ziyasome, yana mpaka wake pia. Programu nyingi zinazosoma JSON huigeuza kila namba kuwa namba ya desimali ya biti 64, nayo huanza kupoteza usahihi ikivuka 9,007,199,254,740,992. Jaribu kwa namba iliyo moja juu ya hapo; kama tarakimu ya mwisho imebadilika njiani, bora namba hizo zitolewe zikiwa maandishi.

Kuna pia joto. NVMe huleta joto kwa Kelvini, na programu hupunguza 273 ili kupata nyuzi za Selsiasi. Diski iliyokaa kwenye baridi kali ikisema 268, jibu ni 5 chini ya sifuri. Kama mwandishi ametumia namba ya biti 16 isiyo na alama ya kutoa, utaambiwa diski ina nyuzi 65,531. Na asilimia ya uchakavu ina kisa kinyume: inaruhusiwa kuvuka 100, hadi 255. Nimeona mtu akileta malalamiko kwamba programu imeharibika kwa kusema 103, na mwingine akaleta kiraka cha kuizuia isivuke 100. Kiraka kile kingekubaliwa kingekuwa kimeficha ugonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Anayejaribu lazima asome kiwango, walau ukurasa unaohusika, ndipo ajue kipi ni kosa na kipi ni ukweli usiopendeza.

Nije kwenye jambo ambalo skrini haikuonyeshi: namba ambayo programu humwachia mfumo inapomaliza. Watu wengi hawaendeshi programu hizi kwa mkono. Zinaendeshwa na skripti usiku wa manane, na skripti haisomi maneno, inasoma namba hiyo. Kwenye smartctl, programu nyingine ya kusoma afya ya diski, namba hiyo ni biti 8, kila moja na maana yake. Biti yenye thamani 2 maana yake diski haikufunguka. Yenye thamani 8 maana yake diski yenyewe imekiri kwamba inakufa. Yenye thamani 64 maana yake kuna makosa kwenye kumbukumbu ya diski, hata kama ni ya zamani. Ukipata 72, ni 64 na 8 pamoja. Sasa kiraka kinaweza kusafisha maneno yote kwenye skrini na bila kukusudia kikafanya programu imalize kwa 0 pale ilipopaswa kumaliza kwa 8. Mwanadamu anayetazama haoni chochote. Skripti inaamini diski ni nzima, na hakuna anayeamshwa. Kila mara, baada ya kila amri, andikeni echo $? na mnakili jibu.

Hadi hapa nimezungumzia amri zinazosoma tu. Kusoma utambulisho wa diski, kusoma ukurasa wa afya, hizo hazigusi data. Zipo amri zinazogusa, na viraka vyake navyo vinahitaji kujaribiwa. Hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Amri ya kufomati diski ya NVMe inaweza kumaliza kazi kwa muda mfupi kuliko utakaouchukua kugundua umekosea. Ya kutakasa diski, sanitize, ni nzito zaidi: ikishaanza, haisitishwi. Kuzima umeme hakusaidii. Diski ikirudishiwa umeme inaendelea pale ilipoishia, kwa sababu iliundwa ili mtu asiweze kuiokoa data iliyokusudiwa kufutwa. Waandishi wa programu hizi wanalijua hilo. Ndiyo maana nvme-cli inapoombwa kufomati hutoa onyo na kukupa sekunde 10 za kughairi. Ndiyo maana hdparm, programu nyingine ya kuamrisha diski, kwa baadhi ya amri zake, inakulazimisha uandike kwa herufi zote kwamba unaiomba iharibu diski yako. Mkiona kiraka kinachopunguza breki kama hizo ili skripti zisikwame, ulizeni maswali mengi kabla ya kukijaribu.

Hatari kubwa ni jina. Mfumo huzipa diski majina kwa kadiri zinavyoonekana wakati wa kuwaka, kwa hiyo /dev/sda ya leo inaweza kuwa /dev/sdb kesho baada ya kuwasha upya, na diski mbili za NVMe zinaweza kubadilishana namba. Amri uliyoiandika jana kwa usahihi kamili, leo inaelekea kwenye data ya mtu. Tumieni majina yaliyo ndani ya /dev/disk/by-id, yamebeba aina ya diski na namba yake ya utambulisho, hayahami. Mimi hubandika karatasi kwenye diski ya majaribio na kuandika tarakimu nne za mwisho za utambulisho. Kabla ya amri inayoandika, nasoma tarakimu zile kwenye karatasi, mwenzangu anazisoma kwenye skrini, kwa sauti. Zikilingana, nabonyeza. Nisipokuwa na mwenzangu, amri hiyo inasubiri. Na diski nyingine zote zinachomolewa. Kuwa na nakala ya data hakutoshi kunifanya niziache ndani.

Mnaweza kupunguza hatari kwa diski za kuiga. QEMU, programu ya kuiga kompyuta, inaweza kuipa mashine pepe diski ya NVMe isiyo ya kweli. Linux ina moduli ya scsi_debug inayotengeneza diski ya SCSI kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Nazitumia kila siku kwa hatua za mwanzo, na kwa amri zinazofuta sioni sababu ya kuanzia kwingine. QEMU inakuruhusu hata kuiga kompyuta inayosoma baiti kwa mpangilio wa kinyume, kama zile za s390x, ambako kiraka kinachosahau kugeuza baiti kitatoa namba za ajabu.

Ila diski ya kuiga ni mtiifu. Inafuata kiwango kama kilivyoandikwa. Diski za kweli zina tabia. Chukua diski ya SATA uiweke kwenye kasha la USB: kati yako na diski sasa kuna chipu inayotafsiri amri. Nyingine hutafsiri vizuri, nyingine huzimeza baadhi ya amri na kujibu kwamba mambo ni shwari. Za NVMe kwenye kasha la USB ndizo zenye taabu zaidi, kwa sababu watengenezaji wa chipu hizo walikuja na njia zao wenyewe za kupitisha amri, na smartctl imelazimika kujifunza njia ya kila mmoja peke yake. Mwandishi wa programu hawezi kumiliki makasha yote hayo. Wewe unalo moja, lile la droo ya chini, la zamani, ambalo halijawahi kufanya kazi sawasawa. Hilo ndilo tunalolihitaji. Kama kuna fundi hapa anayefikiri hana cha kuchangia kwa sababu haandiki msimbo, naomba aende akaifungue droo hiyo.

Na ukijaribu, andika. Toleo la programu, na la maktaba yake. Toleo la kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta. Aina ya diski na toleo la firmwea yake, maana diski mbili zenye jina moja na firmwea tofauti ni diski mbili tofauti. Imeunganishwaje, moja kwa moja au kupitia kasha. Amri yenyewe, herufi kwa herufi. Matokeo ya zamani yote na matokeo mapya yote, si mstari uliokupendeza tu, pamoja na ile namba ya kumalizia. Namba ya utambulisho wa diski ifute kabla ya kutuma, hiyo ni yako. Halafu sema usichokijaribu. Mimi huandika: sikujaribu kwenye USB, sikujaribu kufomati, sikuwa na diski ya joto chini ya sifuri. Mwandishi wa kiraka akisoma mstari huo anajua amuombe nani tena.

Yule mwandishi niliyempotezea siku mbili, nilimwomba radhi, kisha nikamtumia ripoti ya namna hiyo, pamoja na zile kurasa mbili za baiti 512, ya FF nne na ya 01. Alirekebisha data iliyosomwa, saa za kuwaka na yale mabano ya terabaiti kwa mkupuo mmoja, na kurasa zile akaziweka kwenye majaribio ya programu yake. Kila anapoijenga, zinasomwa.

Nimeleta diski sita, ziko kwenye meza ya nyuma. Zenye karatasi nyekundu hazina data ya mtu na mnaruhusiwa kuziandikia. Zenye karatasi nyeupe ni za kusoma tu. Kwenye kila kompyuta kuna folda mbili, ya zamani na mpya, na kuna kasoro moja ambayo sijawaambia iko mstari gani. Kaeni wawiliwawili, na muanze na ile ya zamani.